Lavenda Ndani ya Kitalu Nyumba: Afya ya Anayeikuza Kwanza

Mstaafu aliyepokea kiinua mgongo na kutafuta jambo la kukifanyia hakosi washauri. Yupo atakayemtajia kuku wa mayai, yupo atakayemtajia nyumba ya kupangisha, na siku hizi yupo pia atakayemwambia ajenge kitalu nyumba, apande lavenda. Maneno ya mshauri huyu wa mwisho huwa matamu. Maua ni ya zambarau, harufu hutuliza moyo, mafuta huuzwa kwa vichupa na si kwa madumu. Na juu ya hayo yote, husema, anayeshinda katikati ya mmea wa dawa hujitibu mwenyewe bila kujua. Hesabu za faida na hasara ni za maafisa ugani na wahasibu. Dai hilo la mwisho, hata hivyo, ni la kitabibu, na halistahili kupita bila kujibiwa. Kitalu nyumba ni mahali pa kazi penye joto, unyevu na kemikali, na harufu nzuri haipunguzi hata moja ya hayo.

Inafaa kuanza na mmea wenyewe, kwa kuwa madhara ya kiafya yanayojadiliwa hapa huanzia kwenye kosa la kilimo. Lavenda halisi, ambayo wataalamu wa mimea huiita Lavandula angustifolia, ni mmea wa milima mikavu ya nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania. Huko Provence, kusini-mashariki mwa Ufaransa, hulimwa kwenye nyanda za juu zenye udongo wa chokaa na changarawe, chini ya jua kali na upepo usiokatika, na mvua ya kiangazi ni haba. Mafuta yanayoruhusiwa kubeba jina la Haute-Provence hutakiwa kutoka katika mashamba yaliyo mita 800 au zaidi juu ya usawa wa bahari. Mmea huo umezoea kiu. Mizizi yake haivumilii kusimama katika maji, na majani yake yenye vinyweleo vya kijivu yameumbwa kubana maji yasipotee hewani.

Wakulima wa Ulaya hutumia vitalu nyumba kwa lavenda, ni kweli, lakini kwa kazi maalumu. Vipandikizi vya sentimita 7 hadi 10 kutoka matawi yasiyo na maua huchomekwa katika mchanganyiko wenye mchanga mwingi, hutoa mizizi baada ya wiki 3 hadi 6, kisha miche huzoeshwa hali ya nje na kuhamishiwa shambani. Wanaouza maua ya vyunguni huikinga pia na majira ya baridi kali. Mmea unaokusudiwa kutoa mafuta huishi nje kwa miaka mingi, ukipigwa na jua na upepo. Kitalu nyumba ni mahali pa kulelea, si makao yake ya kudumu.

Mambo hugeuka pale mmea huu unapofungiwa maisha yake yote chini ya nailoni katika nyanda za juu zenye ukungu. Asubuhi matone ya maji hudondoka kutoka kwenye paa, mashina hushinda yamelowa, na hewa haitembei. Ndipo huja ukungu wa kijivu, Botrytis cinerea, ukaozesha matawi. Ndipo vimelea vya Phytophthora vikala mizizi. Na wadudu wapendao joto, yaani inzi weupe, vidukari na utitiri mwekundu, wakajipatia nyumba isiyo na mvua wala adui. Mkulima aliyewekeza akiba yake yote hawezi kukaa akitazama. Huchukua bomba la mgongoni na kupulizia, na wiki ifuatayo hupulizia tena. Mmea uliosifiwa kwa kuhitaji dawa kidogo huwa umetiwa katika nyumba inayoulazimisha kuhitaji nyingi.

Kuna jambo jingine ambalo muuza miche huwa halitaji. Aina nyingi za lavenda halisi huhitaji kipindi cha baridi na siku ndefu za kiangazi ili kutoa maua kwa wingi. Karibu na ikweta mchana hukaribia saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo mkulima anaweza kupata vichaka vizuri vya majani na maua machache. Aina nyingine, kama Lavandula dentata yenye majani ya meno-meno, huchanua kwa urahisi zaidi. Lakini mafuta yake ni mengine, yana kafuri na sineoli kwa wingi, na hayapaswi kuuzwa kama kwamba ni yale yaliyofanyiwa utafiti Ulaya. Tofauti hiyo, ambayo kwa mfanyabiashara ni jambo dogo la lebo, kwa mtoto wa miaka miwili ni jambo la hatari, kama itakavyoonekana.

Sasa mwili wa anayefanya kazi humo. Sumu za kilimo humwingia mtu kwa pua, kwa mdomo na kwa ngozi, na kwa mfanyakazi wa shambani ngozi ndiyo njia kuu. Hili halijakaa vyema katika fikra za watu. Mfanyakazi aliyejifunga barakoa ya kitambaa hujiona amejikinga, ilhali mikono iko wazi, miguu iko katika kandambili, na bomba linavuja mgongoni. Barakoa ya namna hiyo haizuii hata mvuke wa kemikali. Ndani ya kitalu nyumba hali huwa mbaya zaidi kwa sababu ya joto: ngozi yenye joto na jasho hupitisha kemikali kwa wepesi zaidi, na joto hilohilo humfanya mfanyakazi avue vazi la kinga kabla kazi haijaisha. Kumlaumu kwa kuvua ni kukosa haki. Nani awezaye kuvaa ovaroli ya mpira chini ya nailoni saa 7 mchana?

Anayepulizia huwa angalau anajua kwamba ameshika sumu. Asiyejua ni anayeingia baadaye. Katika kilimo cha maua cha Afrika Mashariki, kuanzia Naivasha hadi Arusha, kazi ya kupogoa, kukata na kufunga maua hufanywa kwa sehemu kubwa na wanawake, wengi wao wakiwa katika umri wa kuzaa. Lebo ya kiuatilifu hutaja muda wa kungoja kabla ya mtu kuingia tena bila vazi la kinga: saa kadhaa kwa dawa nyingine, siku nzima au zaidi kwa nyingine. Shamba la wazi husafishwa kidogo na upepo na jua. Kitalu kilichofungwa hubaki na mvuke wake, na majani yaliyolowa huipaka mikono ya mkataji kutwa nzima. Jioni nguo zilezile hurudi nyumbani na kuloweshwa beseni moja na nguo za mtoto.

Hapa ndipo lawama inapoigeukia sekta ya afya yenyewe. Mama wa namna hiyo akifika zahanati akilalamika kichwa, kichefuchefu, jasho na uchovu, swali la kwanza ni homa ilianza lini, na jambo la pili ni kipimo cha haraka cha malaria. Kikiwa na mistari miwili, hupewa dawa na kuondoka. Kikiwa na mmoja, hupewa antibayotiki ya mkojo au ya kifua na huondoka vilevile. Katika kitabu cha wagonjwa, mbele ya kazi yake, huandikwa neno moja: mkulima. Neno hilo halisemi lolote. Anayelima mihogo kwa jembe la mkono na anayepogoa ndani ya kitalu kilichopuliziwa jana wote ni wakulima.

Si kwamba kipimo cha malaria ni kibaya. Ni kwamba vipimo vingi vya haraka hutambua protini ya kimelea inayoweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya malaria kupona. Mtu aliyetibiwa malaria mwezi uliopita anaweza kuwa na mistari miwili leo, na kinachomwumiza leo kikawa sumu. Jibu la kipimo halimwondolei mhudumu wajibu wa kumtazama mgonjwa usoni.

Na usoni kuna mengi ya kuona. Viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti na kabameti huzuia kazi ya kolinesterasi, kimeng'enya kinachovunja kemikali ya kupeleka ujumbe baina ya mishipa ya fahamu, misuli na tezi. Ujumbe usipokatwa, tezi hutoa maji bila kukoma na misuli hucheza bila kuamriwa. Mgonjwa hutokwa jasho, mate na machozi. Hutapika, huharisha, hubanwa kifua. Misuli midogo ya uso na mapaja huchezacheza. Mapigo ya moyo yanaweza kushuka. Mboni za macho huwa ndogo kama ncha ya sindano. Malaria haifinyi mboni. Tochi ya simu inatosha kuliona hilo, na ni jambo la kusikitisha kwamba uchunguzi usiogharimu hata senti husahaulika mara nyingi kuliko ule unaogharimu.

Mgonjwa wa namna hiyo akishatambuliwa, kazi huanza papo hapo, si baada ya majibu ya maabara. Avuliwe nguo zote, aoshwe mwili na nywele kwa sabuni na maji mengi, na anayemwosha avae glavu na aproni, kwa kuwa wahudumu nao huweza kudhurika kwa nguo za mgonjwa. Njia ya hewa isafishwe, apewe oksijeni ikiwepo. Atropini hutolewa kwenye mshipa na kurudiwa kila baada ya dakika 5 hivi, dozi ikiongezwa maradufu, hadi mapafu yakauke, kupumua kuwe kwepesi na mapigo na shinikizo la damu virejee katika hali salama. Kosa la kawaida ni kusubiri mboni zipanuke, au kuogopa kuendelea kwa sababu moyo unakwenda mbio. Degedege hutibiwa kwa dayazepamu. Kisha mgonjwa hupelekwa hospitali akiwa na mtu wa kumwangalia njiani, kwa sababu misuli ya kupumua inaweza kulegea siku moja hadi nne baadaye, wakati ndugu wameanza kushukuru. Lebo ya dawa iliyotumika, au picha yake, isafiri pamoja naye.

Hao ni wagonjwa wa ghafla, na ndio wachache. Walio wengi hupata dozi ndogo ndogo kwa miezi: kichwa kisichoisha, usingizi mbovu, ukurutu wa mikono, kikohozi kinachozidi siku za kazi na kupungua siku ya mapumziko. Alama hiyo ya mwisho ina thamani kubwa. Ugonjwa unaopumzika siku ya Jumapili una uhusiano na kazi mpaka ithibitike vinginevyo. Kipimo cha kolinesterasi katika damu husaidia, lakini kina hila yake: viwango vya watu wenye afya hutofautiana sana, hata mtu akaweza kupoteza sehemu kubwa ya kiwango chake na bado akasomeka kuwa wa kawaida. Kwa hiyo mfanyakazi hupimwa kabla hajaanza kushika sumu, na majibu yake ya baadaye hulinganishwa na yake mwenyewe. Mwajiri anayepeleka watu kupimwa baada ya mmoja kuzimia amechelewa kwa maana zote.

Ajabu ya suala hili ni kwamba watu huingia katika joto na sumu hiyo ili wapate mafuta yanayouzwa kwa jina la afya. Ni haki basi kuuliza mafuta hayo yana nini. Pwani ya Afrika Mashariki haikusubiri lavenda ili ijue thamani ya mafuta ya kunukia. Pemba hukeneka mafuta ya makonyo ya karafuu, na nyumba nyingi zina rihani, asumini na mchaichai. Harufu nzuri hubadili hali ya moyo, na hakuna daktari mwenye busara atakayelikana hilo. Hadithi ya lavenda kama dawa huanzia mara nyingi kwa René-Maurice Gattefossé, mkemia wa Lyon aliyeungua katika mlipuko wa maabara mwaka 1910 na kuipaka lavenda kwenye vidonda vyake, kisha akachapisha kitabu juu ya tiba ya harufu mwaka 1937. Ni hadithi ya mtu mmoja na mkono wake. Si jaribio la kitabibu.

Ushahidi uliopo una uzito kiasi, na wenye kuupuuza wote hukosea sawa na wenye kuutia chumvi. Nchini Ujerumani kapsuli yenye miligramu 80 za mafuta ya lavenda yaliyosanifiwa, yajulikanayo kwa jina la Silexan, hutumika kutibu hali ya wasiwasi na kukosa utulivu, na majaribio kadhaa yameionyesha kushinda dawa bandia. Sehemu kubwa ya majaribio hayo yaligharamiwa na mtengenezaji, jambo ambalo halibatilishi matokeo lakini humtaka msomaji awe mwangalifu. Mamlaka ya Dawa ya Ulaya huikubali lavenda kwa msongo mdogo wa mawazo na kusaidia usingizi kwa msingi wa matumizi ya muda mrefu, na haipendekezi kwa watoto walio chini ya miaka 12. Hapo ndipo ushahidi unapokoma. Hakuna katika hayo linalomruhusu mtu kuweka kando vidonge vya shinikizo la damu, kifafa au kisukari, na chupa iliyokenekwa nyuma ya nyumba si kapsuli iliyosanifiwa.

Hatari zake nazo zinajulikana. Linaloli, kijenzi kikuu cha mafuta hayo, ikikaa hewani huungana na oksijeni na kuzaa kemikali zinazoamsha mzio wa ngozi. Chupa iliyofunguliwa zamani ni mbaya kuliko mpya. Mwaka 2007 jarida la New England Journal of Medicine lilieleza habari za wavulana watatu walioota matiti kabla ya balehe wakitumia bidhaa zenye lavenda, wakapona walipoziacha. Wanasayansi bado hubishana iwapo lavenda ndiyo chanzo, lakini wazazi wana sababu ya kutompaka mtoto kila siku. Mafuta yenye kafuri nyingi, kama yale ya Lavandula dentata, yakimezwa na mtoto mdogo hata kwa kiasi kidogo huweza kuleta degedege. Tena baadhi ya viuatilifu hupanda pamoja na mvuke wakati wa kukeneka na kuingia katika mafuta. Mnunuzi aliyetafuta utulivu hupewa, bila kujua, sehemu ya kile kilichompa mkataji maumivu ya kichwa.

Watetezi wa vitalu nyumba wana hoja moja yenye nguvu, na haifai kuizunguka. Kitalu kilichojengwa vizuri, chenye pande zinazofunguka, neti ya wadudu, umwagiliaji wa matone na paa la juu linalopitisha hewa, kinaweza kupunguza matumizi ya viuatilifu, na kwa nyanya au pilipili hoho hilo ni jambo la kweli. Vilevile vitalu huajiri wanawake ambao shamba la wazi lisingewalipa mshahara wa mwezi. Kuvifunga si jibu. Lakini hoja inayofaa nyanya haihamishiki kwa lavenda, mmea ambao adui yake mkuu ni unyevu uleule ambao nailoni huutunza, na mshahara haugeuzi sumu kuwa hewa safi.

Sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, ina Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unaohusika pia na magonjwa yatokanayo na kazi. Kenya ina sheria zake mbili za mwaka 2007, ya usalama kazini na ya fidia. Zote hizo hutegemea karatasi moja: ile ambayo tabibu ameandika kwamba mgonjwa huyu ameugua kwa sababu ya kazi yake. Palipoandikwa “malaria” au “mkulima, kichwa kinauma” hapana fidia, hapana ukaguzi, na mkaguzi hana pa kuanzia. Mhudumu wa zahanati anayedhani hana uwezo juu ya mashamba ya watu ana kalamu ambayo mkaguzi huisubiri.

Maswali ya kuongeza kwa kila mgonjwa anayeishi karibu na vitalu ni machache: anafanya kazi gani hasa na ndani ya nini, mara ya mwisho kupuliziwa ilikuwa lini, aliingia baada ya saa ngapi, dawa ilikuwa na mstari wa rangi gani chini ya lebo, ambapo nyekundu ni kali kabisa, ikifuatiwa na njano, buluu na kijani, na je, wenzake wanaumwa pia? Dakika mbili zinatosha, hata siku ya kliniki iliyojaa.

Mstaafu ambaye kitalu chake kimeshasimama hana haja ya kukibomoa. Akunje nailoni za pembeni na akiache kiwe cha vipandikizi. Lavenda iliyokomaa aihamishie nje, kwenye matuta yaliyoinuliwa yenye changarawe, kama ardhi yake ni kavu, na kama si kavu apande zao jingine. Kazi za ndani zifanyike kabla ya saa 4 asubuhi. Mlangoni aweke ubao unaotaja, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, siku ya kupulizia na saa ya kuruhusiwa kuingia, na pembeni yake ndoo ya maji yenye koki, sabuni, na msumari wa kutundikia ovaroli isiyokwenda nyumbani.